Chanda cha mwanamume na pete yake: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Methali inayosema chanda chema huvikwa pete haikubagua kama chanda ni cha mume au cha mke. Hata hivyo, mwanamume akitoka na mkufu shingoni, au na pete isiyo ya ndoa, hakosi wa kumsema. Mengi ya hayo ni porojo za kupitisha muda. Lakini yapo yanayomtia mtu hasara ya pesa, na yapo yanayoweza kumgharimu kidole.

"Vito ni vya wanawake, wanaume wameanza juzi."

Mwaka 1972 huko Varna, Bulgaria, yaligunduliwa makaburi ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka 6,000. Kaburi lililosheheni dhahabu kuliko yote lilikuwa la mwanamume: zaidi ya kilo moja na nusu, zikiwamo bangili alizozikwa nazo mikononi. Dhahabu hiyo ya Varna ni miongoni mwa dhahabu kongwe kabisa iliyopata kufuliwa na binadamu. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza naye alipelekwa kukatwa kichwa mwaka 1649 akiwa na hereni ya lulu sikioni.

Kinachonichekesha ni kwamba pete ya ndoa ya mwanamume, hiyo pekee isiyoulizwa maswali, ndiyo mgeni. Marekani na Uingereza ilienea hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari walipotaka kuondoka na kumbukumbu ya wake zao. Kabla ya hapo kwa kawaida mke alivishwa, mume akabaki mikono mitupu.

"Kidole cha pete kina mshipa unaokwenda moja kwa moja moyoni."

Hadithi hii ni ya tangu enzi za Warumi. Damu ya vidole vyote hurudi moyoni, na hakuna kidole chenye njia yake ya mkato. Urusi na Poland pete ya ndoa huvaliwa mkono wa kulia, na ndoa zinafungwa kama kawaida.

"Hereni ya sikio la kulia ina maana yake."

Katika baadhi ya miji ya Magharibi, miaka ya 1970 na 1980, upande wa hereni ulitumika kama ishara ya kama mwanamume anapenda wanawake au wanaume wenzake. Haikuwa kanuni ya dunia nzima hata wakati huo, na leo upande haukwambii chochote. Cha kuuliza ni kama sindano iliyotoboa ilikuwa safi.

"Dhahabu nyeupe si dhahabu."

Hapa watu wengi wanaumia. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakubaliana kuwa dhahabu ni haramu kwa mwanamume na pete ya fedha inaruhusiwa. Mtume Muhammad mwenyewe alikuwa na pete ya fedha aliyopigia muhuri barua zake. Basi mtu anayekwepa dhahabu anaona pete nyeupe inayometameta, anaambiwa "hii ni nyeupe, haina neno", anailipia. Tazama ndani ya pete hiyo. Ikiwa imegongwa namba 750, basi asilimia 75 yake ni dhahabu ile ile ya njano, iliyochanganywa na madini meupe kama paladi au nikeli, kisha mara nyingi ikapakwa juu rodi, madini mengine meupe yanayong'aa. Ikivaliwa miaka kadhaa rangi hiyo hulika, na unjano huanza kuchungulia kwenye kingo. Platinamu ni madini mengine kabisa, na fedha ya vito kwa kawaida hugongwa 925. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kusoma kwanza, kabla ya rangi.

"Kidole kikigeuka kijani, umeuziwa bandia."

Si lazima. Vua pete jioni baada ya siku ya jasho, utaona utepe wa kijani umezunguka kidole. Hiyo ni shaba iliyokutana na jasho. Fedha ya 925 kwa kawaida imechanganywa na shaba, na dhahabu ya 375 ina dhahabu asilimia 37.5 tu, kilichobaki ni madini mengine, shaba ikiwamo. Sabuni na maji huondoa rangi hiyo, wala haidhuru.

Fedha nayo huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani na kwenye jasho. Pete yangu ilipoiva weusi niliambiwa damu yangu ni chafu. Niliisugua kwa kitambaa, damu ikatakata.

Usichanganye utepe huo na muwasho. Ngozi ikiwa nyekundu, ikitoa vipele au malengelenge chini ya pete, saa au hata bizimu ya mkanda, mtuhumiwa wa kwanza ni nikeli. Mzio huo ukishakuingia, kwa kawaida hautoki tena. Pete ya madini ya titani ni kimbilio zuri.

"Sumaku haikuivuta, basi ni dhahabu."

Shaba haivutwi. Fedha haivutwi. Hata chuma cha pua kinachotengenezewa mikufu mingi mara nyingi hakivutwi. Sumaku inaweza kumuumbua tapeli mzembe, ila mwerevu atakupita. Mpelekee sonara aipime.

"Bangili ya shaba huondoa maumivu ya viungo."

Watafiti wa Chuo Kikuu cha York walilijaribu hili kwa wagonjwa 70 wa baridi yabisi, wakatoa matokeo mwaka 2013: bangili za shaba na za sumaku hazikuleta nafuu ya maana kuliko zile za kuigiza. Vaa kwa kuipenda, dawa endelea nazo.

"Pete ya tungsteni ikikwama, kidole kitakatwa."

Msumeno wa kawaida wa kukatia pete hauiwezi, ni kweli. Lakini tungsteni ni ngumu na pia ni rahisi kupasuka: hubanwa kwa koleo kidogo kidogo hadi ivunjike. Ya kuogopa zaidi ni pete yoyote imara inayonasa mahali mtu akiwa anaanguka au anaruka. Mwaka 2015 mtangazaji wa Marekani Jimmy Fallon alijikwaa nyumbani kwake, pete ikanasa, akanusurika kupoteza kidole. Ukipanda ngazi, ukishika mashine au ukicheza mpira, ivue.

Na ikikwama kwa uvimbe tu, inua mkono juu kwa dakika chache, uupoze kwa maji baridi, kisha paka sabuni. Ikigoma, pitisha ncha ya uzi chini ya pete kuelekea kiganjani, zungushia uzi uliobaki kidoleni kwa kuubana, kuanzia kwenye pete hadi upite kifundo, halafu vuta ile ncha taratibu: uzi utafunguka na pete itapanda juu yake. Kidole kikianza kuwa cha bluu au kufa ganzi, acha uzi, nenda hospitali.