Marehemu Aliyecheka: Yanayosemwa Kuhusu Picha za Mafumbo ya Mauaji, na Yalivyo Kweli

Marehemu wetu wa kwanza alituharibia kazi kwa kucheka. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka pale Dunga, ukingoni mwa Ziwa Victoria, kikombe kimepinduka karibu na mkono wake, na bata wa jirani akaja kuionja ile chai ya sumu. Ilibidi tuanze upya.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Watu watatu wanapigwa picha mmoja mmoja, wakibadilisha nguo na sura, kisha vipande vinaungwa kuwa tukio moja la mauaji lenye washukiwa sita au saba. Mtazamaji anaachiwa atafute muuaji. Binamu yangu amewahi kuwa marehemu, mpishi na mpelelezi ndani ya picha moja, na bado analalamika kwamba hapewi nafasi. Lakini kila tukiutaja mchezo huu hapa Kisumu, tunajibiwa yaleyale, na mengi kati ya hayo si kweli.

"Bila kompyuta nzuri na Photoshop hamfiki popote."

Photoshop ilitoka mwaka 1990. Picha zilikuwa zikiungwa zaidi ya miaka 130 kabla ya hapo. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alitengeneza picha moja kubwa kutokana na negativu (picha asili za kuchapishia) zaidi ya 30. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson aliunga tano kuonyesha msichana anayekata roho kwa kifua kikuu, jamaa zake wakiwa kando yake. Watu walichukizwa, wakasema ni ukatili kupiga picha ya huzuni kama ile. Msichana mwenyewe alikuwa mzima wa afya, ameigiza tu.

Sisi tulianza kwa mkasi. Tulijipiga kwa simu, tukazichapisha picha hizo pale saiba kwenye karatasi ngumu, tukakata watu mmoja mmoja na kuwabandika kwenye vipande vya katoni ili wasimame. Tukawapanga juu ya meza iliyomwagiwa mchanga, tukawamulika kwa tochi moja kutoka upande mmoja, tukapiga picha upya. Uzuri wa njia hii ni kwamba kivuli kinakuja chenyewe, cha kweli, na hakuna programu iliyoguswa.

Anayeidharau mbinu hiyo nitamkumbusha habari ya Cottingley. Mwaka 1917 wasichana wawili wa kijiji hicho cha Uingereza, Elsie Wright na Frances Griffiths, walichora viumbe wadogo wenye mabawa, wakawakata, wakawasimamisha kwenye majani kwa pini za kofia na kujipiga nao picha. Aliyenaswa ni Arthur Conan Doyle, mtu aliyemtunga Sherlock Holmes! Aliandika makala jaridani mwaka 1920 akiwa ameamini kabisa. Wasichana walikiri kwamba ni karatasi mwaka 1983, wakiwa vikongwe.

Ukitaka kufanyia kwenye kompyuta, programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP ni ya bure. Siri niliyoijua kwa kuumia: wavike washukiwa kofia, leso au kilemba. Nywele ndizo zinazomaliza usiku wa mtu anayekata picha.

"Damu ikiwa nyingi, picha inatisha zaidi."

Damu nyingi huua fumbo. Jicho la mtazamaji linakwenda kwenye wekundu na kubaki hapohapo, na ile funguo uliyoificha chini ya kiti haitaonekana na yeyote. Isitoshe, damu ya kweli haikai nyekundu. Ikikauka hugeuka kahawia iliyoiva, karibu rangi ya kutu. Tomato sosi, ambayo kila mtu huikimbilia, hutoka na rangi ya machungwa kwenye picha na huonekana kama chipsi zimemwagika.

Kama lazima uitie, chemsha sukari na maji mpaka iwe nzito, weka rangi nyekundu ya keki na kakao kidogo. Kakao ndiyo inayoiondolea ile sura ya plastiki. Lakini piga picha haraka. Marehemu wetu wa pili aliinuka ghafla akipiga makelele kwa sababu sisimizi walikuwa wamefika kwenye sukari kabla ya mpelelezi.

Mimi siku hizi napendelea sumu. Kikombe kimoja kati ya vinne kina sahani yake kinyume, basi, imetosha.

"Weka mstari wa chaki kuzunguka maiti, ndivyo polisi hufanya."

Hivyo hufanya filamu. Mpelelezi anayejua kazi yake hataki chaki karibu na maiti kwa sababu inachafua ushahidi. Anapiga picha ya eneo zima, kisha ya umbali wa kati, kisha ya karibu sana akiwa ameweka rula ndogo pembeni ili ukubwa wa kitu ujulikane. Hatua hizo tatu tumeziiba. Tunatoa picha moja ya tukio zima na mbili au tatu za karibu, na fumbo linakuwa tamu zaidi, maana katika ile ya karibu unaweza kuonyesha kitu ambacho katika ile kubwa kilikuwa nukta tu.

Na hilo koti refu la mpelelezi, jamani, kwa jua la Kisumu! Mpelelezi wetu huvaa leso na ndara, ana daftari la deni la dukani. Sare ya polisi hatuigusi, hiyo si nguo ya kuchezea.

"Kivuli ni pambo, kitatengenezwa mwishoni."

Hapa naomba nikae kidogo.

Katika picha ya kuunga ya kawaida, tuseme ya harusi, kosa la kivuli ni kosa tu. Watu hawalioni, au wanaliona na kusamehe. Katika picha ya fumbo, kosa lako linasomwa kama ushahidi. Umemwambia mtazamaji kwamba kila kitu kina maana, naye amekuamini. Sasa ukikosea, unamsingizia mtu uuaji.

Yalitukuta. Juni mmoja tulipiga nusu ya washukiwa saa tatu asubuhi, mvua kidogo ikatukimbiza, tukarudi saa tisa alasiri kumalizia na mwalimu wa kwaya. Tukaunga, tukapendezwa, tukawaonyesha watu. Karibu wote walimkamata mwalimu. Sisi tulikuwa tumemwandaa mpishi! Tulipouliza kwa nini, bodaboda mmoja akatuonyesha: wengine wote vivuli vyao vilielekea upande wa ziwa, cha mwalimu kilielekea nchi kavu. "Huyu hakuwepo asubuhi. Amedanganya." Tungemjibu nini? Alikuwa sahihi kuliko sisi.

Tangu hapo nimejifunza jua letu. Kisumu iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mambo yake hayafanani na yale ya mafunzo ya mtandaoni kutoka Ulaya, ambako kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Kwetu hubadilika. Juni jua liko upande wa kaskazini na kivuli cha adhuhuri hulala kusini. Desemba ni kinyume. Karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba jua huwa juu ya utosi, na mtu husimama juu ya kivuli chake mwenyewe. Hata Juni, jua likiwa juu kabisa, mtu wa sentimita 170 hutoa kivuli cha sentimita 74 hivi tu. Na hiyo adhuhuri ya jua haiji saa sita kamili. Saa yetu imewekwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 35, kwa hiyo jua hufika juu mnamo saa sita na dakika 40, likitangulia au kuchelewa kama robo saa kulingana na mwezi wa mwaka.

Kwa hiyo sheria yetu sasa ni moja: wote wapigwe ndani ya nusu saa, simu ikiwa kwenye stendi, mpangilio wa mwanga wa kamera umefungwa usijibadilishe wenyewe. Ikishindikana, subiri mawingu. Siku ya mawingu ni rafiki wa mwunga picha, kwa sababu vivuli huwa laini na havina mwelekeo wa kugombaniwa.

Ndugu yake kivuli ni upeo wa macho. Ukishika simu kimo cha mita moja na nusu, katika uwanja tambarare mstari wa upeo utampita kila mtu mzima aliyesimama karibu na shingo au kidevu, awe karibu au mbali. Pale Dunga ni rahisi kukagua, ukingo wa maji wa mbali uko nyuma yao. Ukibandika mshukiwa ambaye ule mstari unampita kiunoni, umetengeneza jitu. Na jitu, kwa mtazamaji wetu, ni mshukiwa namba moja.

"Vidokezo viwe vigumu, la sivyo watu watafumbua haraka."

Wacha wafumbue. Anayestahili kuigwa hapa ni Frances Glessner Lee, mama wa Kimarekani ambaye miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vya vifo kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, inchi moja ikisimama badala ya futi moja, ili kuwafundisha wapelelezi kutazama. Alifuma soksi za wanasesere kwa sindano nyembamba kama pini. Kumi na nane kati ya kazi hizo bado zinafundishia Baltimore. Ninachompendea ni kwamba hakuficha. Kila kitu kiko chumbani, mchana kweupe, na shida iko kwenye jicho la anayetazama. Kidokezo kisichoonekana hata picha ikivutwa karibu ni uchoyo.

"Kujilaza kama maiti ni kujitabiria."

Hili silichekei. Nyumbani kwetu matanga ni matanga, na mwenye mji akisema hapana, tunakunja mkeka na kwenda kwingine. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard, aliyeona kwamba serikali imempa Daguerre heshima yote ya uvumbuzi wa picha na yeye kuachwa mikono mitupu, alijipiga picha kama maiti aliyezama majini, na nyuma yake akaandika kwamba mtu huyo amejitosa kwa kukata tamaa. Kisha akaendelea kuishi hadi 1887.

"Haya ni mambo ya Wazungu."

Waulize wa Lamu. Omar Said Bakor alifungua studio huko miaka ya 1960 na akajulikana kwa kuunga picha kwa mikono, kichwa cha mtu kikichomoza pale usipokitarajia. Hapakuwa na kompyuta kisiwani.

"Akili mnemba itafanya yote."

Itakupa picha nzuri. Ila ukiiomba isogeze kikombe kimoja, huenda ikabadilisha na vifungo vya shati la mpishi, na sasa una vidokezo vitatu ambavyo hukuvitunga. Nimekwisha kueleza yaliyompata mwalimu.

"Ni mchezo tu, hauwezi kumdhuru mtu."

Picha yetu ya tatu ilitoka kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia ikaenda kusikojulikana. Maelezo tuliyoandika chini yake yalibaki nyuma, kama kawaida ya maelezo. Jioni ile mama mmoja wa Ahero alipiga simu akilia, amemwona mtoto wa dada yake amelala ufukweni. Mtoto alikuwa jikoni anakula omena. Kumtuliza mama yule kulichukua muda mrefu kuliko kutengeneza picha, na bado anatusalimia kwa mbali.

Sasa neno MCHEZO tunaliandika ndani ya picha yenyewe, kwa herufi nene zinazopita juu ya mwili wa marehemu, mahali ambapo halikatiki bila kuharibu fumbo. Hatuigizi kifo kilichotokea kweli mtaani. Hatutumii nyumba ya mtu inayotambulika. Uso wa mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inalitambua hilo, kwa hiyo kila mshukiwa anakubali kwanza, na mtoto anakubaliwa na mzazi wake.

"Muuaji lazima awe mmoja wa wanaoonekana."

Hili tulilivunja kwa makusudi Desemba iliyopita. Marehemu mkekani, vikombe vinne, washukiwa watatu wenye nyuso za hatia. Vivuli vyote sawasawa, tulivipima. Watu walibishana siku mbili juu ya kikombe cha nne ni cha nani. Mpishi alikamatwa tena, maskini.

Shangazi yangu, ambaye huuza samaki na hana habari na michezo yetu, alipewa simu akiwa anasubiri chai. Hakuangalia nyuso. Alitelezesha kidole mpaka chini kabisa ya picha, kwenye mchanga, akakiacha hapo.

"Sasa mwanangu, na huyu mwenye kofia aliyesimama nyuma ya simu ni nani?"