Metodi inaitika fresh, intafesi inagoma: hilo siyo kosa la kompaila

Vijana wa Mbeya mnaojifunza Go, lugha ya kuandika programu, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, kuna imani moja nimeisikia hadi nimechoka: eti variabo mzigo ikiwa ya aina Mzigo, ukiweza kuandika mzigo.Ongeza(5), yaani kuita metodi (kazi iliyofungwa kwenye aina) ya Ongeza, na ikakubali, basi Mzigo tayari inatimiza intafesi (orodha ya metodi ambazo aina lazima iwe nazo) yoyote inayotaka Ongeza. Siyo kweli jamani.

Chukua strakti (aina inayokusanya fildi, yaani data zenye majina) Mzigo ya kuhesabu kreti za parachichi za Rungwe, Ongeza ina risiva (kile ambacho metodi inaitiwa) ya pointa, yaani inapokea anwani ya data kwenye memori, siyo nakala. Ukiita kwenye variabo, kompaila (programu inayotafsiri kodi yako) inakubebea kimyakimya, inafanya (&mzigo).Ongeza(5), hiyo & ni kuchukua anwani, kwa sababu variabo ina anwani. Huo ni msaada wa wakati wa kuita tu, metodi za aina yenyewe ziko palepale: Mzigo inahesabiwa zile za risiva ya thamani (inayopokea nakala) peke yake, *Mzigo, yaani pointa ya Mzigo, inahesabiwa zote. Sasa ukiweka thamani kwenye intafesi inaingia nakala, na anwani ya hiyo nakala hupewi, na hata ungepewa kreti zingeongezeka kwenye nakala huku mzigo wako umebaki vilevile, yaani unapoteza hesabu na hakuna anayekwambia. Ndo maana inakataa! Weka &mzigo, imeisha. Kwenye mepu (jedwali la funguo na thamani zake) ya Mzigo pia, mizigo["Tukuyu"].Ongeza(5) haipiti, kilichomo kwenye mepu hakina anwani ya kuchukua.

Na mkibanwa msikimbilie pointa ya intafesi, haina metodi hata moja.

Mimi ninayoiogopa zaidi ni ile isiyotoa erori: String (metodi inayosema kitu kionekaneje kikichapishwa) umeipa risiva ya pointa, halafu fmt.Println(mzigo) inamwaga fildi zilivyo, String yako haijaguswa.

Eti pointa ina kasi siku zote? Hapana, strakti ndogo kuinakili ni kazi nyepesi, pointa inaweza kuipeleka data kwenye hipu (eneo la memori) ukamwongezea gabeji kolekta, msafishaji wa memori isiyotumika, kazi. Pima kwanza ndo uongee.

Eti risiva ya thamani haibadilishi kitu? Kama ndani kuna mepu, ukiandika humo inabadilika kwa wote.

Mimi nawaambia hivi, metodi moja ikihitaji pointa zipe zote pointa, na kukiwa na sync.Mutex (kufuli ya kuzuia data kuguswa na wengi kwa wakati mmoja) ndani usijadili, go vet (zana ya Go ya kukagua kodi) yenyewe itakuonya ukiikopi. Halafu chini ya strakti andika var _ Mpokeaji = (*Mzigo)(nil), Mpokeaji ikiwa ndo intafesi yako, ukisahau metodi utajua palepale unapokompaili.