Preterisimu: unabii wa siku za mwisho unaposomwa kwa "-me-" badala ya "-ta-"

"Dhiki kuu itakuja." "Dhiki kuu imekwisha kuja." Kilichobadilika hapo ni kiambishi cha wakati tu, lakini Wakristo wamebishana juu yake kwa karne nyingi.

Wengi wetu tumelelewa na sentensi ya kwanza. Unyakuo, mpinga Kristo, chapa ya mnyama: vyote huhubiriwa kuwa mambo yajayo, na kila kitu kipya chenye namba hakikosi mtu wa kukishuku. Kenya ilipoanza kusajili watu kwa Huduma Namba mwaka 2019, wapo walioiona 666 humo humo.

Preterisimu ni jina la usomaji wa pili. Limetoka kwenye neno la Kilatini *praeteritus*, yaani kilichopita. Mpreteristi husema sehemu kubwa ya unabii tunaouita wa siku za mwisho ilitimia katika karne ya 1, hasa mwaka 70, Warumi walipouteka Yerusalemu na kuliteketeza hekalu. Kwake yeye kilichofikia mwisho ni utaratibu wa kale wa hekalu na kafara. Dunia iliendelea.

Hoja yote imeegemea Mathayo 24. Wanafunzi wanamwonyesha Yesu majengo ya hekalu, naye anawaambia halitabaki jiwe juu ya jiwe. Wanauliza: lini? Anawatajia vita, njaa, chukizo la uharibifu, dhiki, jua kutiwa giza, Mwana wa Adamu akija juu ya mawingu. Kisha, katika mstari wa 34, anaweka muda: "Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatimie." Mpreteristi anauliza, kizazi kipi kama si kile kilichokuwa kinamsikiliza? Toka siku ile hadi mwaka 70 ni kama miaka 40.

Wanaompinga husema "kizazi" hapo ni taifa la Kiyahudi, au ni watu watakaoziona dalili zenyewe siku zitakapofika. Sikatai kwamba neno linaweza kuvutwa hadi huko. Ila rudi nyuma kidogo tu, Mathayo 23:36, Yesu akiwakemea Mafarisayo: mambo hayo yote yatakijia "kizazi hiki." Hapo hakuna anayehangaika kutafuta maana nyingine.

Halafu kuna vita vyenyewe. Wayahudi waliasi mwaka 66. Jemadari wa Kirumi Cestius Gallus akapanda na jeshi hadi Yerusalemu, kisha akarudi nyuma ghafla na kupigwa njiani. Luka 21 inasema mkiuona mji umezungukwa na majeshi, walio Uyahudi wakimbilie milimani, na Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anaandika kwamba Wakristo wa Yerusalemu walihamia Pella, ng'ambo ya Yordani. Mwaka 70 jemadari mwingine wa Kirumi, Tito, akaja kuimaliza kazi. Askari wake waliuzungushia mji ukuta wa karibu kilomita 7 kwa siku 3, chakula kikakatika ndani, na njaa ikafika mahali ambapo mama mmoja alimchoma mtoto wake mchanga akamla. Aliyeyaandika haya ni mwanahistoria Yosefo, Myahudi aliyekuwa upande wa Warumi wakati wa mazingiwa, wala hakuwa Mkristo. Ndiyo maana wapreteristi humtegemea sana: hakuwa na sababu ya kumtetea Yesu. Hesabu zake lakini zichukue kwa tahadhari. Anasema walikufa watu 1,100,000, na wanahistoria wengi wanaona ametia chumvi.

Sawa, msomaji atasema, lakini jua halikuzimika na nyota hazikuanguka. Hapa ndipo naona wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Isaya 13 inatabiri kuanguka kwa Babeli ya kale kwa maneno hayo hayo ya nyota na jua kutotoa nuru, na katika Isaya 19 Bwana anafika Misri amepanda wingu jepesi. Hakuna anayedai Wamisri walimwona angani. Hii ni lugha ya manabii wanapoelezea dola kuanguka. Na Danieli 7, alikoyatoa Yesu maneno ya Mwana wa Adamu na mawingu, inamwonyesha akimkaribia Mzee wa Siku, yaani Mungu, apewe ufalme. Yaani safari ile ni ya kwenda mbinguni.

Kwenye Ufunuo mambo si mepesi. Wapreteristi wengi humtambua mnyama wa 666 kuwa Nero, kaisari wa Roma. Andika "Neron Kaisari" kwa herufi za Kiebrania, ambazo pia ni tarakimu, ujumlishe: unapata 666. Baadhi ya nakala za kale zina 616, na ukiiondoa ile *n* ya mwisho kama Walatini walivyolitamka jina, unapungukiwa na 50 kamili. Inavutia. Lakini askofu Ireneo, wa karne ya 2, anasema maono yale yalionekana karibu na mwisho wa utawala wa Kaisari Domitiano, miaka ya 90, na wataalamu wengi wanamfuata. Kitabu kikiwa kimeandikwa miaka 25 baada ya hekalu kuungua, hakiwezi kuwa kilitabiri kuungua kwake. Kwa hiyo mpreteristi hana budi kudai kiliandikwa kabla ya mwaka 70, na huo ndio upande wake dhaifu.

Utasikia pia kwamba fundisho hili ni hila ya Wajesuiti, watawa wa shirika moja la Kikatoliki. Ni kweli Mjesuiti wa Hispania, Luis de Alcázar, ndiye aliyelipanga kwa ukamilifu katika kitabu kilichotoka mwaka 1614, wakati Waprotestanti wakimwita Papa mnyama. Ila Francisco Ribera, aliyeusukuma Ufunuo kwenye siku zijazo, naye alikuwa Mjesuiti. Na Eusebio alishayahusisha maneno ya Yesu na mwaka 70 zaidi ya miaka elfu kabla yao wote.

Wapreteristi wenyewe ni wa aina mbili, na hazipatani. Wa sehemu, kama mwanateolojia wa Marekani R. C. Sproul, wanasema hukumu ya Yerusalemu imepita, lakini Kristo atarudi na wafu watafufuliwa. Wa kamili wanasema hata marejeo na ufufuo vilitimia mwaka 70, kiroho. Makanisa karibu yote yanawakataa hao wa pili na kuwakumbusha Himenayo na Fileto, ambao 2 Timotheo 2 inawalaumu kwa kusema "kiyama imekwisha kuwapo."

Nenda misa ya Kikatoliki, usikilize baada ya mageuzo, yaani baada ya mkate na divai kuwekwa wakfu: "Kristo alikufa, Kristo alifufuka, Kristo atakuja tena." Mpreteristi wa sehemu anaitikia mpaka mwisho bila shida. Mwenzake inabidi anyamaze kwenye "atakuja."