Turbo Yako Haijafa: Dhana Potofu Kuhusu Buusti na Mafuta

Wiki iliyopita mteja aliniletea Subaru Forester yenye injini ya EJ205, na kwenye buti alikuwa amelaza turbo iliyofungwa kwa gunia. Hiyo ilikuwa ya tatu. Ya kwanza, turbo ya aina ya VF iliyotoka kwenye Subaru STI, ilifungwa mahali pa turbo ndogo ya kiwandani. Buusti, yaani shinikizo la hewa ambalo turbo inaisukumia injini, ikagoma kwenye 0.6 bar, akaambiwa ameuziwa chuma chakavu. Akanunua ya pili, nayo ikagoma pale pale. Sasa alitaka nimfungie hii.

Nikamwomba anipe nusu saa. Nilipoingiza hewa ya kompresa kwenye mfumo, povu la sabuni lilichemka kwenye mpira unaounganisha intakula (kipoza hewa ya turbo) na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Klipu ilikuwa imekazwa juu ya ukingo wa paipu badala ya kukaa nyuma yake. Nikairudisha mahali pake, tukatoka barabarani, geji ikasoma 1.0. Fedha za turbo mbili zilikuwa zimekwisha kwa sababu ya klipu.

"Buusti haipandi, basi turbo ni mbovu"

Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mno. Turbo hufa, sikatai. Shafti ikicheza hadi mapanga yakwaruze nyumba yake, au ikipitisha oili kwenye ekzosi hadi moshi wa bluu utande, hapo imekwisha, na utaligundua hilo kwa macho na vidole vyako. Lakini turbo yenye shafti iliyotulia na mapanga mazima haijiamulii kukomea 0.6. Kuna mahali hewa inatoroka, au moshi unatoroka kabla haujafika kwenye turbo, au westigeti, mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo, inafunguka mapema. Sehemu zote tatu zinapimika bila kununua chochote.

Anza na hewa. Tafuta kifuniko kinachoziba mdomo wa paipu ya kuingizia hewa, pale inapotokea kwenye sensa ya hewa, na ukitie vali ya tairi. Pitisha hewa ya kompresa kwa kuidhibiti, usizidi bar 1, kisha pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Kwenye Subaru ziba pale mwanzoni kabisa, usizibe mdomoni mwa turbo, kwa sababu ile paipu ya mpira inayopita chini ya manifoldi (paipu zinazogawia silinda hewa) hukauka kwa miaka na hupasuka mtu anapoivuta ili kutoa turbo ya zamani. Fundi akizibia kwenye turbo, paipu hiyo anaikosa, na ndiyo iliyo na ufa mara nyingi baada ya kazi ya namna hii.

Mahali ufa ulipo panakueleza pia mafuta yatakuwaje, na hapa ndipo watu wanapofukuza tatizo la mafuta ambalo halipo. Ufa ukiwa kati ya sensa ya hewa na turbo, turbo inavuta hewa ambayo sensa haikuihesabu: hewa inazidi, mafuta yanapungua, injini inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka vibaya ndani ya silinda. Ufa ukiwa kati ya turbo na throto, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inamwagika nje ukikanyaga mafuta. Kompyuta ya gari imetoa mafuta ya hewa yote, iliyoingia ni sehemu tu, na gari linatoa moshi mweusi. Ufa ukiwa baada ya throto, injini ikinguruma bila kukanyagwa huvuta hewa ya wizi na kuyumba, na ukikanyaga hali hugeuka. Kabla hujagusa injekta, vile vipulizia mafuta, jiulize moshi huo na kugonga huko vinakuelekeza upande gani.

Nenda kwenye ekzosi. Turbo inazungushwa na moshi, kwa hiyo gasketi iliyokatika kati ya manifoldi ya ekzosi na turbo huiba nguvu kabla haijafika. Dalili yake ni mlio wa "chaf, chaf" injini ikiwa baridi, na masizi meusi kwenye kiungo. Gasketi za zamani zikirudishwa ili kubana matumizi, mara nyingi ndiyo haya yanayofuata.

Mwisho westigeti. Fimbo ya kiendeshi chake lazima iwe na mvuto kidogo hata injini ikiwa imezimwa, vinginevyo mlango unaachia moshi upite pembeni mapema. Halafu kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakijui: ndani ya kimojawapo cha vipaipu vya kudhibiti buusti kwenye Subaru kuna kipande cha shaba chenye tundu dogo, kazi yake ni kubana hewa inayoelekea kwenye solenoidi (vali ya umeme inayoamriwa na kompyuta) na kiendeshi cha westigeti. Ukibadilisha vipaipu kwa vya silikoni vya kupendeza ukatupa vile vya zamani pamoja na kipande hicho, shinikizo lote linafika kwenye kiendeshi, solenoidi inashindwa kulipunguza, na buusti inabaki kwenye kiwango cha springi tu. Kwa hiyo vipaipu vya zamani usivitupe hadi uwe umevipekua. Mimi nina kikopo cha vipande hivyo nilivyoviokota chini ya magari ya wateja.

Hivi vyote huchukua asubuhi moja. Turbo iondolewe baada ya hapo.

"Kompyuta itajifunza yenyewe"

Inajifunza, ila si pale unapodhani. Ukienda taratibu, kompyuta inaisoma sensa ya oksijeni na kurekebisha mafuta kidogo kidogo ili uwiano ukae karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta. Ukikanyaga hadi chini inaacha kuifuata sensa hiyo, inamwaga mafuta kwa jedwali lililoandikwa kwa ajili ya turbo ya kiwandani. Chini ya buusti tunataka uwiano wa 11 na kitu, na sensa ya kawaida haisomi huko kwa usahihi. Ndiyo maana sifungi turbo kubwa kwenye gari lisilo na geji ya waidibendi, inayosoma uwiano huo kwa usahihi. Wateja wamekasirika, wameondoka, na bado sifungi.

Hesabu ya injekta ni rahisi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mizunguko miwili ya krenki, yaani kazi moja kamili ya silinda, inachukua milisekunde 20. Injekta ikiwa wazi milisekunde 17 imefika asilimia 85, na hapo mimi nasimama. Ikivuka inakaribia kubaki wazi muda wote, na kompyuta ikiomba zaidi haipati. Hakuna kujifunza kunakopanua tundu la injekta.

Na kabla hujanunua injekta kubwa, pima shinikizo la mafuta. Regyuleta, kidhibiti cha shinikizo hilo, hushikilia kama bar 3 juu ya shinikizo la manifoldi. Buusti ikiwa 1, reli ya mafuta isome 4. Kama kile kipaipu chembamba cha regyuleta kimechomoka au kimepasuka, reli inabaki 3 huku manifoldi inasukuma kwa 1, injekta inabaki na bar 2 tu za kusukumia, na mafuta yanapungua kwa takriban asilimia 18. Upungufu huo unatosha kutoboa pistoni, na kipaipu chenyewe kina urefu wa kiganja.

Vilevile volti. Pampu inayopokea volti 11 badala ya 13.5 inasukuma mafuta machache, hata kama ni pampu ya bei kubwa. Weka mita kwenye plagi ya pampu gari likiwa na mzigo. Nyaya za gari la zaidi ya miaka 20 zimechoka kama kitu kingine chochote.

"Buusti 1 ni buusti 1 popote"

Geji ya buusti hupima tofauti kati ya manifoldi na hewa ya nje. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya nje ina shinikizo la takriban 0.82 bar. Mombasa ni 1.01. Geji ikisoma 1.0 Nairobi, injini inapata 1.82 kwa jumla. Mombasa, kwa sindano ile ile, inapata 2.01. Hiyo ni nyongeza ya kama asilimia 10. Gari lililopangiwa mafuta Nairobi na kuachwa injekta zikiwa kwenye asilimia 90, likifika Pwani zinagusa asilimia 99. Joto la Pwani hupunguza uzito wa hewa kidogo, lakini joto hilo hilo linaongeza hatari ya kugonga, kwa hiyo usilihesabu kama msaada.

Nimepokea injini iliyovunjika baada ya safari ya kwanza ya kushuka Mombasa. Mwenyewe aliniapia kwamba hajaongeza buusti hata kidogo, na alikuwa anasema kweli. Kwenye EJ pistoni ya silinda ya nne ndiyo huumia mara nyingi, kingo zinazoshika ringi hukatika. Anayepanga programu ya kompyuta ya gari lako muulize swali moja: injekta zimebaki na nafasi kiasi gani kwa ajili ya usawa wa bahari?

Na upande wa pili, ukitaka Nairobi nguvu ile ile ya Mombasa, turbo lazima ibane hewa karibu mara 2.45 badala ya mara 2. Inazunguka kasi zaidi na kupasha hewa joto zaidi. Turbo ndogo huishiwa pumzi hapo, na hilo si ubovu.

"Gari likikata ghafla, pampu imekufa"

Mara nyingi ni kompyuta imekata mafuta kwa makusudi kwa sababu buusti imezidi. Utalihisi kama limegonga ukuta, kisha linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Angalia kama kipaipu cha westigeti kimechomoka, au kama buusti inapanda yenyewe mizunguko ikiwa juu kwa sababu ekzosi mpya ni pana na tundu la westigeti ni dogo. Wapo wanaouza kifaa cha kuidanganya sensa ili kompyuta isikate. Usikifunge. Kukata huko ndiko kulikoiokoa injini yako.

"Moshi mweusi ni nguvu"

Ni petroli isiyoungua, inayoosha oili kwenye kuta za silinda.

"Vali inayopiga pshh inaongeza kasi"

Haiongezi. Hutoa tu hewa iliyobanwa ukiachia mafuta, na Subaru hurudisha hewa hiyo kwenye paipu kabla ya turbo kwa sababu sensa imekwisha kuihesabu. Ukiitoa nje, kila ukibadilisha gia mafuta yanazidi kwa muda, gari linashtuka na ekzosi inalipuka. Irudishe ya kiwandani.

"Programu ya Japani inafaa hapa"

Magari haya yalipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100. Super ya kwenye pampu zetu haifiki huko. Muda wa cheche kuwasha mafuta lazima urudishwe nyuma, hasa turbo ikishakuwa kubwa.

"Geji ya waidibendi inaonyesha mafuta machache, basi ni mafuta"

Si lazima. Buusti ikiongezeka, cheche hupata shida kuruka pengo la plagi. Mchanganyiko usipowaka, oksijeni inatoka ikiwa nzima, na sensa inaisoma kama upungufu wa mafuta. Mtu anaongeza mafuta, gari linazidi kukohoa, anaongeza tena. Toa plagi zote nne, zitazame rangi, pima mapengo. Zikiwa za zamani weka mpya zenye pengo la karibu milimita 0.7, kisha lipeleke gari barabarani tena kabla hujaigusa programu.