Mzee Haogopi Simu: Dhana Potofu Kuhusu Wazee wa Uganda na Teknolojia

Kila Desemba, magari ya mikoani yanapoondoka Kampala yakiwa yamesheheni abiria na mizigo ya Krismasi, haikosi humo simu mpya ya kupangusa, ingali katika boksi lake, zawadi ya mzazi au ya babu. Ikifika Pasaka, aliyeitoa huikuta imerudishwa bokisini na kuwekwa kabatini, na mzee anaendelea kuzungumza kwa katochi yake, ile simu ndogo ya vibonye yenye tochi kichwani. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba wazee wanaogopa teknolojia. Nami nilikuwa miongoni mwa mahakimu hao mpaka nilipoanza kumsikiliza baba yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 79, mstaafu wa reli anayeishi Walukuba mjini Jinja. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini Uganda, nusu yao wakiwa hawajafikisha miaka 18, na waliovuka miaka 60 hawazidi sana mmoja katika kila ishirini. Katika nchi ya namna hiyo, mengi yanayosemwa juu ya wazee husemwa na watu ambao uzee bado hawajauonja.

Dhana potofu: Wazee hawa walizaliwa kabla ya mashine, kwa hiyo mashine ni kitu kigeni kwao

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na mwaka huohuo redio ya serikali ikaanza kurusha matangazo. Watoto waliokulia chini ya nyaya za umeme ule ndio wazee wa leo. Walishona kwa cherehani, wakaendesha vinu vya nguo, wakatengeneza injini za boti ziwani. Baba mkubwa alifanya kazi katika Reli ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na kila siku alishika simu ya kukoroga katika stesheni ambako neno moja likisikika vibaya, treni mbili zingeweza kukutana uso kwa uso juu ya reli moja. Mtu aliyebeba dhamana hiyo anapoambiwa na mjukuu kwamba haelewi mashine, hukaa kimya, nasi tunakichukua kimya hicho kuwa amekiri.

Hata simu za mkononi zenyewe, kampuni ya Celtel ilipozileta nchini mwaka 1995 na MTN ikafuata mwaka 1998, hazikununuliwa na vijana. Zilinunuliwa na watu wazima wenye mishahara na maduka, ambao leo wengi wao wana miaka 60 na kuendelea.

Kilichobadilika ni namna ya kufundishwa. Mitambo ya stesheni ilikuja na mafunzo, kitabu cha maelekezo na mkubwa wa kazi wa kuulizwa. Simu ya kupangusa huja na mjukuu anayeielekeza kwa dakika kumi, akirudia kila hatua kwamba "ni rahisi tu", kisha anapanda gari kurudi mjini. Isitoshe, simu hiyo hujibadilisha yenyewe usiku. Kibonye kilichokuwa kulia jana kinaamkia kushoto, bila mwenye simu kuombwa ruhusa. Baba mkubwa hulizungumzia jambo hili kwa hasira ya kikazi kabisa: "Ishara ya reli haikuhamishwa bila waraka."

Dhana potofu: Anayeng'ang'ania katochi ni mwoga

Ni mtu aliyepiga hesabu. Katochi ikijazwa chaji hukaa siku kadhaa, ilhali simu ya kupangusa huomba umeme kila siku, na pasipo na umeme nyumbani hulazimu kuipeleka senta, kulipia chaji na kumwachia mtu baki kitu chenye picha za familia nzima. Katochi ina redio isiyokula bando. Ikianguka, huokotwa ikafutwa vumbi. Tochi yake humfikisha mzee msalani usiku wa manane bila kujikwaa, kazi ambayo kwa mtu wa umri huo ni kubwa kuliko programu zote.

Kisha kuna mwili. Lensi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, na kuanzia miaka ya arobaini maandishi ya karibu hufifia. Sikio nalo hupoteza kwanza sauti nyembamba, na baadhi ya milio ya simu ni ya aina hiyo. Kioo cha kupangusa hutambua kidole kwa chaji ndogo ya umeme inayopita katika ngozi, na ngozi kavu yenye sugu huipitisha kwa shida. Mzee akiona kioo hakiitikii hubonyeza kwa nguvu na kwa muda mrefu, nayo simu huichukua ile kubonyeza kwa muda mrefu kuwa amri nyingine, ikamuuliza kama anataka kufuta kitu. Hapo ndipo huirudisha mezani na kusema haitaki. Simu nyingi za kupangusa zina mipangilio ya kukuza herufi na ya kuongeza muda wa kubonyeza, lakini ni wachache wanaoigusa mipangilio hiyo kabla ya kufunga zawadi.

Dhana potofu: Akili ya uzeeni haipokei jambo jipya

Hupokea, ila polepole, na husahau upesi zaidi kile kisichorudiwa. Kasi ya kufikiri hupungua kwa umri, lakini hazina ya maneno na maarifa yaliyokwisha kukaa hudumu kwa muda mrefu. Baba mkubwa ana kijitabu chenye jalada la bluu ambamo ameandika kwa penseli kila hatua ya kutuma vocha, moja chini ya nyingine, pamoja na namba za simu za jamaa wote. Jamaa akibadilisha namba, ile ya zamani hufutwa kwa kifutio na mpya ikakaa palepale. Sisi wengine simu ikiibwa hatujui hata namba ya mama.

Dhana potofu: Asiyezitaka pesa za simu amepitwa na wakati

Wengi hawazikatai hata kidogo. Tangu MTN ilipoianzisha huduma hiyo nchini mwezi Machi 2009, hii imekuwa njia kuu ya fedha za watoto walioko mjini kuwafikia wazazi kijijini, na Machi 2020, usafiri wa umma uliposimamishwa kwa sababu ya korona, kwa familia nyingi ndiyo iliyobaki. Wanachokikataa wazee ni kuziacha fedha zikae humo. Mzee hupokea ujumbe, humwendea wakala siku hiyohiyo, hutoa zote, na kuziweka anakokujua mwenyewe.

Vijana huuita huo ushamba. Ukimwuliza baba mkubwa, atakupangia sababu zake kama anayesoma ratiba ya treni. Siku ya uchaguzi, Februari 2016, pesa za simu zilifungwa pamoja na mitandao ya kijamii, na aliyekuwa na akiba yote ndani ya simu hakuweza kununua hata chumvi. Julai 2018 ikaja kodi ya asilimia 1 kwenye miamala. Kelele zilipozidi, mwaka huohuo ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kuachwa kwenye kutoa peke yake, na kutoa ndiko hasa wanakokufanya wazee. Januari 2021 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. "Noti iliyo chini ya godoro," husema, "haijawahi kuniambia mtandao haupo." Nilimkumbusha mwaka 1987, fedha zilipobadilishwa, sifuri mbili zikakatwa na asilimia 30 ikachukuliwa juu yake, godoro lisimsaidie mtu. Akacheka, akasema ndiyo maana ana mbuzi.

Linalowatia wazee hofu ya kweli ni namba ya siri, ambayo kwao mara nyingi si ya siri. Kioo ni kidogo, menyu mara nyingi huja kwa Kiingereza, na anayepiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel kufungua pesa za simu akikawia kusoma hukatiwa katikati na kuanza upya. Basi simu hukabidhiwa mjukuu, na siku pesa zikipungua mzee hubaki na jambo asiloweza kulitamka, kwa kuwa kulitamka ni kumwita mtoto wa mwanawe mwizi. Matapeli nao wamekwisha kuujua mlango wa kuingilia, nao ni adabu. Mtu aliyelelewa kuitikia salamu hadi mwisho hawezi kumkatia simu kijana anayeanza na "Shikamoo mzee", akamuuliza hali ya nyumbani, kisha akadai kwamba ametuma fedha kwake kimakosa na anaomba arudishiwe. Anayetaka kumsaidia mzee amfundishe mambo mawili: hakuna kampuni inayomwomba mteja namba yake ya siri, na salio hukaguliwa kabla ya kurudisha chochote, hata ujumbe ukionyesha kwamba fedha zimeingia. Na amhakikishie kwamba kusema "subiri kwanza" si utovu wa adabu.

Dhana potofu: Mashine haikosei, mzee akikwama, kasoro ni yake

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa sababu hapa mzee hana hiari ya kurudisha simu kabatini. Mpango wa ruzuku kwa wazee ulipoanza kwa majaribio mwaka 2011, fedha za kila mwezi zilitolewa kwa waliofikisha miaka 65, na 60 kwa mkoa wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi. Ulipopanuliwa nchi nzima, umri ukawekwa miaka 80. Ushahidi mkuu wa umri umekuwa kitambulisho cha taifa, Ndaga Muntu. Lakini wakati wa uandikishaji mkubwa wa mwaka 2014, wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walikuwa na mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, au "nilikuwa nimeanza kuchunga mbuzi bwawa lilipofunguliwa". Mwandikishaji alikadiria, na kadirio likawa tarehe, na tarehe ikawa sheria. Kuna wakongwe ambao kwa mujibu wa kadi zao ni wadogo kuliko watoto wao wa kwanza, na mashine haioni ajabu yoyote hapo.

Shangazi yangu kadi yake ilikuwa sawa. Vidole ndivyo vilivyomwangusha. Amelima mihogo na ulezi kwa jembe la mkono kwa zaidi ya miaka hamsini. Katika ofisi moja ambayo sitaitaja, aliweka kidole kwenye kile kioo cha kijani, mashine ikalia na kukataa. Akaambiwa aoshe mikono. Akaosha. Akapakwa mafuta, kisha akafutwa mafuta. Vidole vyote kumi vilijaribiwa kimoja baada ya kingine, foleni nyuma yetu ikaanza kuguna, na kijana wa kaunta, ambaye kwa kweli hakuwa na ubaya, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu mama hana alama." Shangazi alikitazama kiganja chake kwa muda, kama kitu alichoazimwa. Maelezo yake si fumbo. Ngozi ikizeeka hupoteza unyevu na unyumbufu, matuta ya vidole hulainika, na kazi ya mikono huyasaga zaidi. Kipimo kilichotengenezwa kwa vidole laini vya watu wa ofisini hakitamsoma mkulima wa miaka 80. Katika zoezi la kuandikisha na kuhuisha vitambulisho lililoanza mwaka 2025, mboni ya jicho nayo imeongezwa katika utambuzi. Hilo ni jambo jema, alimradi kifaa cha kusoma mboni kiwafikie pia walio mbali na mji.

Shangazi hakurudi katika ofisi ile, na jirani alipouliza aliambiwa kwamba mama huyu hapendi mambo ya kisasa.

Dhana potofu: Ukimwekea WhatsApp, umemwondolea upweke

Sehemu moja ya dhana hii ni kweli, na sitaibeza. Mwenye mtoto ughaibuni humwona uso kila Ijumaa, jambo ambalo barua za zamani hazikuweza. Lakini simu imehamisha pia mahali pa kuamulia mambo. Zamani msiba ulitangazwa redioni, kila mtu akausikia kwa wakati mmoja, na wazee wakakutana chini ya mwembe kupanga mazishi. Siku hizi kikundi cha WhatsApp cha ukoo hufunguliwa saa ileile mgonjwa anapokata roho. Ikifika asubuhi, siku ya kuzika imekwisha kuamuliwa, michango imeorodheshwa na jeneza limelipiwa, na mkuu wa ukoo ambaye angepaswa kuulizwa kwanza anapata habari kutoka kwa muuza mkaa. Aliyefanyiwa hivyo akisema simu hizi zimeharibu ukoo, tunamsikia kama mtu anayelalamikia simu, wakati analalamikia kiti chake.

Mwaka jana tulifiwa na binamu, na safari hii niliipeleka simu yangu kwa baba mkubwa kabla lolote halijaamuliwa. Nikamwonyesha jinsi ya kushika alama ya maikrofoni wakati wa kusema. Alisimama, ingawa hapakuwa na haja ya kusimama. Akawasalimu wakubwa wa kila mlango wa ukoo kwa majina, akawapa pole, akaeleza kwa nini tusizike kabla shangazi hajafika, na dakika zikapita nne na kitu. Nilijua vijana hawatasikiliza hadi mwisho, lakini sikumwambia. Jioni aliniuliza waliosikiliza ni wangapi, nami nikafungua orodha ambayo simu yenyewe huitunza, nikaanza kuhesabu. Akanizuia. Alitaka majina, moja baada ya jingine, na kila nilivyolitaja moja aliliandika kwa penseli katika kile kijitabu cha bluu.