Je, wajua kwa nini majani ya chini ya mnyanya huwa njano matunda yanapoanza kujaa?

Msimu wangu wa kwanza wa nyanya ndani ya kitalu nyumba, nilikosa usingizi mimea ikiwa na wiki ya tisa hivi. Ilikuwa imenawiri, kijani kimekolea, kila shina limebeba vichala vitatu. Halafu majani ya chini yakaanza kugeuka njano. Nikakimbilia duka la pembejeo, nikarudi na dawa ya ukungu na chupa ya busta, ile mbolea ya maji ya kupulizia majani, nikapulizia vyote kwa mkupuo. Wiki iliyofuata njano ikapanda jani moja juu zaidi.

Bwana shamba alipokuja hakuuliza nimepulizia nini. Aliuliza, "Dada, jani lipi lilitangulia, la chini au la juu?"

Swali hilo linabeba zaidi ya nusu ya jibu, kwa sababu mmea una tabia ya kuhamisha chakula chake. Jani kongwe ni ghala. Maua yakishafunga na matunda kuanza kujaa, mahitaji hupanda ghafla, na mizizi ikishindwa kuleta vya kutosha mmea huvunja ghala lake wenyewe. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesi huweza kung'olewa kwenye jani la zamani na kusafirishwa hadi kwenye vichala na majani machanga. Kwa hiyo njaa ya virutubisho hivi huanzia chini. Kalsiamu, chuma na boroni ni tofauti: vikishajengwa ndani ya jani, havitoki kwa urahisi. Vikipungua, anayeumia ni jani jipya la juu kabisa.

Sasa kwa nini njano, na si rangi nyingine? Kile kijani tunachokiona ni umbijani, au klorofili, na katikati ya kila molekuli ya umbijani kuna atomu moja ya magnesi iliyozungukwa na nne za nitrojeni. Mkemia Mjerumani Richard Willstätter alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya rangi za mimea, hasa umbijani. Mmea unapodai magnesi au nitrojeni yake kutoka kwenye jani, umbijani unavunjika, na rangi ya njano iliyokuwa imefunikwa na kijani inabaki peke yake.

Lakini njano hazifanani. Bwana shamba alichuma jani moja la chini, akaliinua kuelekea jua akaniambia nitazame. Mishipa yote ilikuwa bado kijani, na kati ya mshipa na mshipa palikuwa njano, kama ramani ya mito inayopita nchi kame. Hiyo ni njaa ya magnesi. Ingekuwa nitrojeni, jani zima lingepauka pamoja na mishipa yake, kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Ingekuwa potasiamu, kingo ndizo zingeanza kukauka na kuwa kahawia, mithili ya karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

Kilichonishangaza ni kwamba udongo wangu haukukosa magnesi. Kosa lilikuwa langu. Niliambiwa nyanya zikianza kuzaa zinapenda potasiamu, nikaimimina bila kipimo. Potasiamu, kalsiamu na magnesi hugombania kuingia kwenye mzizi. Ukizidisha mmoja, wengine wanabaki nje. Mmea ulikuwa na njaa kando ya chungu kilichojaa. Nilipunguza potasiamu, nikapulizia chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesi, gramu 20 kwa lita moja ya maji, jioni jua likiwa limepoa. Ukifanya hivyo, usihesabu mafanikio kwa jani lililokwisha kukauka, maana hilo halirudi. Tazama majani mawili matatu yaliyo juu yake.

Njano ikianzia juu, kwenye majani machanga yenye mishipa ya kijani, fikiria chuma. Hapo napo mara nyingi chuma kipo udongoni ila kimefungwa, ama kwa sababu pH, kipimo cha uchachu wa udongo, imepanda kupita 7, ama mizizi imezama kwenye maji mengi na haipumui. Nyanya hupenda pH ya kati ya 6 na 6.8. Pima kwanza kabla ya kununua chochote.

Kalsiamu nayo ina vituko vyake. Dalili tunayoijua wengi haipo hata kwenye jani: ni kuoza kitako, lile doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Kalsiamu husafiri na maji kupitia zailemu, mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, na maji huenda kule yanakovukizwa zaidi. Jani huvukiza sana. Tunda lenye ngozi ya nta huvukiza kidogo mno, kwa hiyo hupata masazo. Ukimwagilia kwa wingi Jumatatu ukasahau hadi Alhamisi, tunda ndilo linalolala njaa. Nimeona watu wakimwaga chokaa shimoni kutibu kitu ambacho kingetibiwa na maji kidogo kidogo kila siku.

Halafu si kila doa ni njaa. Geuza jani. Ndani ya kitalu chenye joto na hewa kavu, utitiri mwekundu huishi upande wa chini. Juu utaona vitone vidogo mno vya kupauka, na wakizidi, utando mwembamba. Mabaka meupe yaliyochimbwa ndani ya jani ni kazi ya kantangaze, kiwavi wa nondo aliyeingia Tanzania na Kenya mwaka 2014, na wakulima wa Ilula mkoani Iringa na wa Kirinyaga nchini Kenya wanamjua vizuri. Doa la kahawia lenye duara ndani ya duara, kama kisiki kilichokatwa, ni bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu, nayo pia hupenda kuanzia chini, hivyo usiichanganye na njaa. Majani ya juu yakijikunja na kudumaa, kingo zikiwa njano na inzi weupe wakiruka ukigusa shina, hicho ni kirusi ambacho wakulima wengi wa Tanzania wanakiita rasta. Hakuna mbolea wala dawa itakayokiponya. Ng'oa mmea, utie kwenye mfuko papo hapo, kisha pambana na inzi.

Kipimo kingine ninachokiamini ni kutazama mstari mzima. Njaa huwa na usawa: majani ya umri mmoja hubadilika pamoja, mmea hadi mmea. Mdudu na ugonjwa huanzia mahali, pengine kona moja, au mimea mitatu iliyo karibu na mlango, halafu husambaa.

Na yapo majani yanayokuwa njano kwa uzee tu, yale ya chini kabisa, yaliyofunikwa na kivuli, yaliyo chini ya kichala ambacho tunda lake limeshaiva. Hayo kata, hewa ipite.

Njano ya kwangu ilisimama kwenye jani la tano. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo chake nipate kuona kama njano itapanda, na hadi tunavuna kichala cha nne, jani la sita lilikuwa bado kijani.