Je, dawa ya mitishamba haiwezi kudhuru kwa kuwa ni ya asili?

Wengi huamini kwamba dawa ya mitishamba, kwa kuwa ni ya asili, haimdhuru mtu hata akiichanganya na vidonge vya hospitali. Imani hiyo haikuzuka bure, maana artemisinini inayotibu malaria ilitokana na mmea. Lakini kinachoponya ndicho pia kinachoweza kudhuru: mizizi mitamu ya susi (licorice) ikitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu, na mmea wa Hypericum perforatum, unaotumiwa kutuliza sonona, hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba, jambo ambalo mtumiaji hawezi kulihisi. Kabla ya kutumia, uliza jina kamili la mmea, kipimo chake na kama umejaribiwa kwa binadamu, kisha mweleze daktari au mfamasia kila unachotumia.